Mjomba, Kikapu na Makande ya Sabato

Anayedhani Sabato huharibika Jumamosi hajawahi kukaa nyumba moja na Wasabato. Sabato huharibika Ijumaa alasiri, pale nyumba nzima inapogundua kwa mpigo kwamba mashati hayajapigwa pasi, viatu havina rangi, na mkaa umebaki vumbi. Hapa Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi. Likishazama hakuna mjadala. Sabato imefunguliwa, pasi inawekwa chini, na mwenye shati la mikunjo ataenda nalo kanisani hivyo hivyo.

Chakula ndicho hasa huwatoa watu jasho. Mnatoka ibada kuu saa saba, mna njaa, na hamrudi peke yenu maana mgeni wa Sabato haachwi getini. Kwa hiyo mchana wa Jumamosi hupikwa Ijumaa, na kesho yake kazi ni kupasha tu. Kwa kazi hiyo Mama alikuwa na kikapu cha kupikia, yaani kinachoshika joto la sufuria iliyokwisha kutokota mpaka chakula kiive bila moto, na kikapu hicho nitakitetea popote, kwa sababu lililotokea halikuwa kosa lake.

Ni kikapu kikubwa cha ukindu. Ndani kimetandikwa gunia, kisha vipande vya godoro kuukuu vimeshindiliwa chini na pembeni kwa unene wa kiganja, katikati pakaachwa shimo la kumeza sufuria bila kubakiza nafasi. Juu kinazibwa kwa mto mnene uliopita mdomo wa kikapu. Sufuria iwe ya masikio mafupi, ijae robo tatu au zaidi, kwa sababu sufuria nusu tupu hupoa upesi.

Makande yenyewe ni kilo moja ya mahindi ya kukoboa na nusu kilo ya maharage, vilivyolowekwa tangu Alhamisi usiku, na maji ya kulowekea yakamwagwa. Maharage mekundu lazima yatokote kweli kweli, dakika kumi kwa uchache, kwa kuwa yana sumu ambayo moto wa vuguvugu hauiwezi. Ukiyapeleka kikapuni bila kutokota, Sabato yako utaitunzia chooni. Mama huacha sufuria itokote saa nzima, kwa ajili ya ugumu wa mahindi, ndipo huizika kikapuni saa mbili asubuhi ya Ijumaa. Saa nane mchana punje zimeiva. Anaitoa, anaunga kitunguu, nyanya na tui, yanatokota tena, yanapoa, na jua linazama yakiwa kwenye friji.

Sasa Mjomba. Mjomba ametoka Mamba, Upare, na hachoki kukumbusha kwamba Usabato nchini ulianzia Giti, kwao, mwaka 1903. Ijumaa ile alikuta Mama amechelewa kupata mkaa, akakiangalia kikapu, akakipenda. Chombo kinachopika bila kula mkaa kingependwa na Mpare yeyote, sembuse huyu.

"Dada, kwa nini uyatoe?" akasema. "Pika sasa hivi, unga nazi kabisa, yazike kikapuni kabla jua halijazama. Kesho tunafunua makande ya moto na hatujawasha hata kiberiti. Hiyo ndiyo Sabato."

Mama akamwambia kikapu hakina uwezo wa kulaza chakula mpaka kesho mchana. Mjomba akautaja mwaka 1903. Kwa kuwa ni kaka mkubwa, sufuria ikazikwa saa kumi na moja na nusu jioni, tui na kila kitu.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka hapo mpaka wakati wa kula ni karibu saa ishirini. Kikapu kizuri hushika joto la kuivisha kwa saa sita, nane kikijitahidi sana. Likishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu huanza karamu, na humo ndani wamewekewa kila kitu: unyevu, wanga, uvuguvugu na giza. Tui huchacha kabla ya kitu kingine chochote. Na hiyo ni kwa kikapu ambacho hakifunguliwi. Usiku ule tulisikia mto ukiinuliwa, kijiko kikigonga sufuria, kisha kikohozi cha mtu anayejifanya amekuja kunywa maji. Alfajiri tena. Kila ukiinua mto unamwaga joto ambalo halirudi, kwa kuwa chini hakuna moto wa kulirudisha, na kijiko kilichotoka mdomoni kinapeleka wageni wapya kwenye karamu.

Kanisani mchungaji alihubiri Mathayo 11:28, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Alieleza vizuri kwamba pumziko hilo hatulipati kama mshahara wa kujiandaa kuliko wenzetu, tunapewa. Mjomba aliitikia "Amina" kuliko kwaya nzima, na mlangoni akamkamata mchungaji mkono. "Leo unakula kwetu. Makande ya moto, mtumishi, na hatujawasha hata kiberiti."

Tukafika. Mjomba akataka maombi yafanyike kikapu kikiwa kimefungwa, kisha kifunuliwe mbele ya wote. Mchungaji akafumba macho, akashukuru kwa juma zima, na alipofika "ukibariki chakula hiki", kikapu kikajibu. *Blup.* Mimi nilishafumbua jicho moja. Mto uliinuka kidogo, ukaegemea upande, na chini yake mfuniko wa sufuria ulikuwa umepanda kama kofia iliyovaliwa juu ya nywele nyingi. Povu la rangi ya maziwa lilikuwa likishuka pembeni taratibu, likivuta uteute, na harage moja lilipanda nalo hadi ukingoni, likasita, likadondoka kwenye gunia. Kisha harufu ikafika.

Mchungaji hakufumbua macho. Alinyamaza kidogo, akavuta pumzi, akajuta kuivuta, akamalizia: "Nawe Bwana unaijua hali yake. Amina."

Mjomba akasema yatokoswe upya, moto unaua kila kitu. Huyu ni yule yule wa kiberiti. Na hata sayansi yake ilikuwa mbovu: moto unaua vijidudu, lakini wapo ambao wakishatema sumu yao chakulani, utatokosa mpaka mkaa uishe na sumu itabaki. Chakula cha namna hiyo hakionjwi kujaribu, kinamwagwa. Mama, ambaye tangu jana alikuwa amenyamaza, akafungua Kutoka sura ya 16 na kusoma kwa upole jinsi mana iliyolazwa kuamkia Sabato isivyotoa uvundo. Akaifunga Biblia. "Ile ilikuwa mana, kaka."

Mchungaji akahamia Marko 2, wanafunzi wakichuma masuke siku ya Sabato, na Yesu akisema Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Huku akiifafanua alikuwa ameshaelekea kwenye mgomba wetu ulioivisha. Tukala ndizi mbivu, parachichi, mkate na karanga. Hapakuwa na cha kupasha, cha kupakua wala sufuria ya kusugua. Mama, ambaye Sabato nyingine husimama jikoni mpaka mgeni wa mwisho ashibe, alikula amekaa, akajinyoosha kwenye mkeka, akalala bila hata kuvua kitambaa cha kichwa. Mchungaji akasinzia kitini na kukoroma mpaka vijana wa kipindi cha alasiri wakatuma mtu kumfuata. Sijaona mahubiri yakitimia haraka namna ile.

Aliyekosa pumziko ni mmoja. Kumwaga yale makande kulihitaji shimo, na Mjomba alishatangaza kwamba kwake jembe haligusi ardhi siku ya Sabato. Sufuria ikatolewa uani. Kuku wa jirani wakaja, mbwa wakaja, nzi hawakuhitaji mwaliko. Ikabidi akae pale kwenye kigoda na fimbo, suti na tai, akilinda makande mabovu mpaka jua lizame. Watoto wakamzunguka na maswali. Je, kulinda si kazi? Je, Upare mwaka 1903 walikuwa na kikapu? Akawajibu kwa fimbo, kwa mbali.

Jioni tukafunga Sabato. Alituomba tuimbe ubeti mmoja tu.

Sufuria ilisuguliwa kwa majivu na maji ya moto ikatakata. Kikapu hakikupona. Vipande vya godoro vilikuwa vimenyonya tui, na ukindu ukishanywa tui hausafishiki. Kipya amenunua Mjomba, Jumapili asubuhi, baada ya kupatana bei kwa muda mrefu kuliko ibada kuu, na akaondoka na mfuko wa karanga aliotaka aongezwe bure.