Ukweli Wote Kuhusu Lile Limau

Kwa kuwa rafiki yangu wa Mombasa ameisambaza habari hii katika kundi letu la WhatsApp tangu Jumapili usiku, tena kwa kuiongezea chumvi wakati, kama mtakavyoona, chumvi iliyokuwepo ilitosha kabisa, nimeona ni haki yangu kuandika mwenyewe yaliyotokea. Si kweli kwamba nilitolewa ukumbini na wanajeshi wenye bunduki. Si kweli kwamba nilikula tambiko la mizimu ya Wamarekani. Na si kweli hata kidogo kwamba nilitafuna ua, ua sikuligusa. Mengine yote, kwa masikitiko makubwa, ni kweli.

Mnaonifuata siku zote mnajua kwamba tangu Novemba nimekuwa nikijitolea katika klabu ya askari wa zamani ya mji wetu huu mdogo wa Ohio. Jirani yangu, mzee aliyepigana Vietnam, alinikuta siku ya mapumziko nimesimama nje naitazama theluji kama mtu anayesubiri daladala, akaniambia kwamba kama sina la kufanya, kwao kazi ipo. Kazi ilikuwepo kweli. Mgeni akipita barabarani hudhani klabu hizi ni baa za wazee tu, na baa haikosekani, lakini ikifika Desemba kaunta haionekani kwa wingi wa maboksi: makopo ya maharage na magunia ya viazi kwa familia zilizokwama, wanasesere, mipira na baiskeli za watoto, kwa desturi ambayo askari wa akiba wa Marine waliianzisha Los Angeles mwaka 1947, na mashada ya matawi mabichi ya mti unaofanana na mvinje wetu, yanayosubiri kupelekwa makaburini Jumamosi ya katikati ya mwezi. Haya mashada yana hadithi yake. Mwaka 1992 mfanyabiashara mmoja wa jimbo la Maine alibakiwa na mzigo ambao haujauzwa, akaupeleka kwenye makaburi ya kijeshi ya Arlington, na leo makaburi mengi nchini hupambwa siku moja, kila anayeweka shada akilitamka kwa sauti jina la askari aliyelala hapo. Mimi, kwa miaka yangu 43, ndiye kijana wa klabu, kwa hiyo hutwishwa kila kilicho kizito.

Niweke wazi pia, kabla sijahukumiwa, kwamba sikulelewa bila kujua heshima ya askari. Baba yangu mkubwa alikuwa mgambo, akachukuliwa mwaka 1978 Idi Amin alipovamia Kagera, akarudi Korogwe mwaka uliofuata akiwa amekonda na hasemi sana. Kila tarehe 25 Julai tulikaa kimya redio ikitangaza Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, na mtoto aliyethubutu kucheka alijuta. Kwa hiyo nilipoalikwa kwenye chakula cha Krismasi cha klabu, nilikwenda nikijiona mtu wa nyumbani. Huko kujiona ndiko kulikoniponza.

Sasa fuateni mpangilio wa makosa, kwa sababu hakuna hata moja ambalo peke yake lingeniangusha.

La kwanza ni miwani. Nilikuwa nje nikipakua maboksi kwenye baridi kali, na nilipoingia ukumbini penye joto vioo vikafunga ukungu mweupe kama dirisha la basi la usiku. Nikaivua nikaitia mfukoni, na kuanzia hapo dunia yote ikawa ya kukisia. La pili ni pilau. Meza kuu ilitawaliwa na paja la nguruwe lililopakwa asali, kitu ambacho mimi Mwislamu sikiwezi, kwa hiyo nilikuja na pilau yangu ya kuku katika hotpoti. Lakini kachumbari niliisahau kwenye friji, na ndimu pia, na anayetoka Tanga anaelewa ni msiba wa namna gani huo. La tatu ni yule mama msimamizi wa jikoni, ambaye kwa wema wake aliniambia kwamba kwa kuwa nina zamu ya usiku ghalani, nisisubiri wenzangu, nile mapema, na kwamba nimeandaliwa nafasi kwenye meza ndogo karibu na mlango. Alikusudia mlango wa jikoni. Mimi nilielewa mlango wa kuingilia.

Na karibu na mlango wa kuingilia, wapendwa, palikuwa na meza ndogo. Ya duara, ya mtu mmoja, imetandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Kulikuwa na ua moja jekundu katika chombo chenye utepe, mshumaa unaowaka, sahani safi, glasi iliyofunikwa kifudifudi, na kiti kilichoegemezwa mbele kwenye meza. Kulikuwa pia na kibao chenye maandishi, nami nilidhani ni orodha ya vyakula. Kwa kweli niliguswa moyo. Nilijisemea kwamba Wamarekani hawa, pamoja na yote yanayosemwa juu yao, wanajua kumshukuru mtu anayewabebea viazi.

Ukumbi mzima, watu wapatao themanini, walikuwa wamesimama wakielekea jukwaani, wamenipa mgongo, wameinamisha vichwa na kufumba macho, kwa sababu mchungaji wa klabu alikuwa ameanza dua. Ilikuwa dua ndefu. Aliwaombea walio kambini, walio hospitalini, walio baharini na wake wa wote hao, na mimi, kwa adabu ya kutotaka kuwapitia watu mbele wakiwa katika ibada, nilikiinua kile kiti taratibu, nikaketi, nikapakua pilau kwenye sahani. Kisha nikaona, kwenye kisahani cha pembeni, kipande cha limau.

Ninaomba mnielewe hapa. Mtu aliyekata tamaa ya ndimu, akiwa na pilau kavu mbele yake, ughaibuni, kwenye baridi, anakuta kipande cha limau kimekatwa vizuri na kuwekwa pembeni ya mkono wake wa kulia. Sikujiuliza swali lolote. Nililikamua kwa vidole vitatu, kitaalamu, nikizunguka sahani yote, na lilipokataa kutoa zaidi nikalikunja nikalikamua tena. Pembeni yake palikuwa na chumvi, chembe chache tu zimemwagwa kwenye kisahani kile kile; nikazichota zote. Glasi nayo ilikuwa imefunikwa kama tunavyofunika sote majumbani kwetu ili inzi na vumbi visiingie, kwa hiyo nikaifunua na kumimina juisi nyekundu ya zabibu niliyotoka nayo jikoni. Nilikuwa nimefika nusu ya pilau, dua ikiwa imefika kwa walinda mipaka, nilipoona kwamba ule mshumaa unaniletea joto usoni, tena unateketea bure ilhali taa za umeme zinawaka pande zote. Mtoto aliyesomea darasa la saba kwa kibatari hawezi kutazama ubadhirifu wa namna hiyo. Mchungaji alisema “Amina,” watu themanini wakaitikia “Amina,” nami nikapuliza.

Moshi ulikuwa bado unapanda wakati mzee mmoja alipokwenda kwenye maikrofoni, karatasi ikiwa imegusana kabisa na pua yake, akasema: sasa naomba sote tuigeukie meza.

Wote wakageuka, na mimi, asiyekuwa na miwani, niliona tu nyuso nyingi za ukungu zinazonielekea kwa pamoja, zikiwa kimya, na katika ukimya ule nikasoma shukrani. Nilijua wakati wangu umefika. Niliiinua glasi juu, nikainamisha kichwa kidogo kwa unyenyekevu kama bwana harusi, nikawaambia asanteni, asanteni sana. Hakuna aliyejibu. Yule mzee, ambaye hakuinua macho kwenye karatasi hata mara moja, akaanza kusoma.

Alisoma kwamba meza hii ni ndogo, kwa maana ya mfungwa aliye peke yake mbele ya waliomteka. Nilidhani ni utangulizi wa hotuba. Alisoma kwamba kitambaa ni cheupe kwa usafi wa nia yao walipoitikia wito wa nchi. Alisoma kwamba ua jekundu ni kwa ajili ya familia ambazo hazijaacha kusubiri, na hapo nikaanza kuhisi ubaridi ukinitambaa mgongoni, kwa sababu ua nililokuwa nalo pale mbele yangu lilikuwa jekundu. Nikaitoa miwani mfukoni, nikaifuta kwa ncha ya kitambaa cheupe, nikaivaa. Afadhali nisingeivaa.

Alisoma kwamba limau hutukumbusha uchungu wa yaliyowapata. Limau lilikuwa kwenye ukingo wa sahani yangu, limebaki ganda. Nikalisukuma kwa kidole kidogo, polepole, mpaka kwenye kisahani chake, likakaa upande. Alisoma kwamba chumvi ni machozi ya jamaa zao. Nikatazama kisahani: machozi nilikuwa nimeyala yote. Nilitafuta kwenye pilau kama kuna chembe inayoweza kurudishwa, nikapata punje ya pilipili manga. Alisoma kwamba glasi imefunikwa kwa sababu wenzetu hawa hawawezi kunywa pamoja nasi usiku wa leo.

Na hapa, wapendwa, ndipo akili iliponiaga. Nilikuwa nimeshika glasi mkononi. Nilisikia kwamba inapaswa kuwa imefunikwa, na kwa utii ambao sikuwahi kumwonyesha hata marehemu baba yangu, nikaifunika. Ilikuwa imejaa. Juisi ikaenea juu ya usafi wa nia kwa utulivu, ikatengeneza mkondo, ikakizunguka chombo cha ua, ikaanza kudondoka sakafuni tone moja moja, na katika ukumbi ule kila tone lilisikika hadi ukutani. Alisoma kwamba mshumaa unawaka kwa tumaini la kuwaona wakirejea nyumbani. Wote wakautazama mshumaa. Ulikuwa bado una uzi mwembamba wa moshi.

Nilijua kilichobaki. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijatajwa, nami nilikuwa nimekikalia. Nilikumbuka ghafla hadithi ya nyumbani kwamba bibi yangu, kwa miezi yote ile ya vita, alikuwa akimfunikia baba mkubwa sahani ya ugali kila jioni, na asubuhi anawapa kuku, bila mtu kuruhusiwa kuigusa. Nikatamani kumwomba bibi radhi papo hapo, kwa Kisambaa, mbele ya watu themanini. Nilijaribu kusimama bila kelele. Kiti kililia kama mbuzi. Mzee akasema kwamba kiti ni kitupu, kwa kuwa hawapo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze akainua macho kwenye karatasi ili aone kile kiti kitupu.

Tukatazamana.

Ninasikia kwenye kundi kwamba nilikimbia. Sikukimbia, nilisimama wima, sahani mkononi, nikafanya kitu ambacho hadi leo sielewi kimetoka wapi: nilipiga saluti. Kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na pilau. Jirani yangu wa Vietnam ndiye aliyeanza kucheka, kwanza kwa kukohoa, halafu akalazimika kushikiliwa mabega, na baada yake ukumbi wote ukaenda.

Yaliyofuata hayana urefu. Mama wa jikoni alileta kitambaa kingine na limau jingine, mtu akawasha mshumaa, nami nikaomba radhi kwenye maikrofoni kwa Kiingereza kilichovunjika zaidi kuliko kawaida yake, kisha wakarudia kila kitu tangu mwanzo, safari hii nikiwa nimesimama ukutani. Baadaye jirani alinieleza kwamba meza ile huandaliwa kwa ajili ya askari waliotekwa au kupotea vitani, kwamba Wamarekani ambao hawajulikani walipo tangu Vita Kuu ya Pili ni zaidi ya 80,000, kwamba wawili katika hao aliwafahamu kwa majina na kwa utani wao, na kwamba mmojawapo angelikula lile limau bila kukamua. Nilimsimulia ya bibi na ugali. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama pilau imebaki. Tulikula pamoja, kwenye ile meza ndogo ya karibu na mlango wa jikoni, ambayo ilikuwepo muda wote, na juu yake palikuwa na bakuli zima la malimau.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu wa Mombasa. Wakati wa dua, watu wote wakiwa wamefumba macho, ni yeye peke yake aliyekuwa ameyafumbua; aliniona nikikaa, aliniona nikikamua, na miaka sita anaishi nchi hii anaijua meza ile vizuri. Angeweza kunikoholea. Badala yake alitoa simu. Picha mnayoiona kwenye kundi, mimi nikiwa nimevimbisha mashavu mbele ya mshumaa, ilipigwa kwa mkono uliotulia kabisa, na ninaomba mnaomcheka mtu katika picha ile mkumbuke pia kuna mtu nyuma ya kamera.

Zamu yangu ya makaburini ni Jumamosi, na nimeshapewa orodha ya majina kumi ya kuyatamka. Nayafanyia mazoezi bafuni nikiwa na miwani. Nilipokuwa nikiondoka Jumapili ile, mama wa jikoni alinifuata hadi kwenye gari akanikabidhi mfuko wa karatasi bila kusema neno, na nilipoufungua nyumbani nikakuta malimau sita. Yako hapa mezani ninapoandika. Jana nilipika wali wa nazi na samaki, nikaula mkavu.