Vidole viwili vya Tony Iommi

Asante mwandishi kwa kuikumbuka albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, ila hapo uliposema mpiga gitaa wao Iommi alilegeza nyuzi za gitaa ili sauti iwe nzito, umeruka mbele. Hayo yalikuja na albamu ya tatu, 1971. Kwenye hii ya Februari 1970 gitaa limetyuniwa kawaida tu.

Kisichokuwa cha kawaida ni mkono wenyewe. Jamaa ni shoto, kwa hiyo nyuzi anazibana kwa mkono wa kulia, na ni mkono huohuo ambao mashine ya kiwanda cha mabati kule Birmingham iliukata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, akiwa na miaka 17. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vitu kama kastabini ya fundi cherehani, akavivika ngozi, akarudi kwenye gitaa. Hebu jaribu kubana uzi ukiwa umevaa glavu!

Halafu watu wanashangaa eti bendi iliirekodi albamu kwa siku moja. Wangeshindwaje? Nyimbo zile walishazipiga klabuni mpaka zikawaingia mwilini. Mvua na kengele ya kanisa pale mwanzoni ndizo zilipachikwa baadaye. Mimi wimbo ule wa kwanza huusikiliza taa zikiwa zimezimwa (mke wangu hapendi), na ile noti ya tatu ya gitaa bado inanisimamisha nywele.

Wakosoaji wengi wa wakati ule waliiponda albamu. Wanunuzi wa Uingereza wakaipandisha hadi namba 8 kwenye chati ya mauzo.