Yeriko ya bumu

Aisee nilikuwa mwaka wa pili chuo, mlokole wa kupitiliza, mkesha kila Ijumaa, siasa sijui hata zinafunguliwa upande gani. Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja ndo kamanda, ana bereti nyekundu anaingia nayo mpaka bafuni, na kila nikishika Biblia ananichokonoa, "Unajua Museveni alianza kama wewe? Pale shule ya Ntare, Uganda, alikuwa Scripture Union kabisa, chama cha wanafunzi wa kusoma Biblia, akawatoroka walipogoma kujadili mambo ya Rhodesia, akaja zake Dar, 1967 ndo huyo mwenyekiti wa USARF, kundi la wanafunzi wanamapinduzi pale chuo kikuu." Nikisema huyo alipotea njia tu, ananitupia Steve Biko wa Afrika Kusini: wazo la SASO, chama cha wanafunzi weusi wa kule, lilipata moto kwenye mkutano wa wanafunzi Wakristo, UCM, kule Stutterheim 1968, vijana weusi wakakaa pembeni wakasema tunataka chama chetu, mwaka uliofuata Biko ndo rais wa kwanza. "Mzee, nyie walokole ndo wenye mapinduzi, hamjijui tu."

Yakaniingia bwana.

Sasa bumu, hela yetu ya mkopo ya kujikimu, likachelewa wiki ya tatu. Tunaishi kwa mihogo na chai ya rangi, kwa mama ntilie nimeshajaza kurasa mbili za daftari la madeni. Mgomo ukaitishwa, watu kibao mbele ya jengo la utawala, kamanda ana kipaza sauti lakini sauti yenyewe imeshakauka, akanisukumizia, "We si unaongozaga pambio, shikilia hapa dakika mbili nikanywe maji."

Dakika mbili! Nikaanzisha pambio la Yeriko, watu wakadaka, mpaka jamaa zangu wa msikitini wanapiga makofi, basi mzuka ukapanda nikatangaza tunalizunguka jengo mara saba na kuta zitaanguka zenyewe. Nilijua watacheka. Wakaanza kutembea.

Mzunguko wa tatu mhasibu yuko dirishani anatuangalia na kikombe chake cha chai, anapuliza. Wa tano ni jua la saa saba, njaa, nusu ya jeshi limeshaishia kivulini, dada mmoja akanivuta shati, "Kaka, kwani si walizunguka mara moja kila siku, siku sita, halafu saba ile siku ya saba?" Nikakumbuka ni kweli. Nikaongeza sauti ya pambio.

Wa saba nikapaza, "Pigeni kelele!" na hapohapo gari kubwa likakata kona likapiga PUU! Kuna mtu akasema FFU, polisi wa kutuliza ghasia. Mimi kiongozi nilikuwa wa kwanza kukimbia, jeshi likanifuata, maana si ndo lilikuwa linanifuata tangu asubuhi, na nyuma ya utawala kuna banda la mama ntilie, kuta za turubai na miti, nikapita katikati.

Ukuta ukaanguka. Zote nne. Nimelala chali, maharage yananitiririka shingoni, mama kasimama juu yangu na mwiko. "Wewe si yule mlokole wa daftari?"

Gari lenyewe lilikuwa la kunyonya maji taka.

Bumu likaingia Jumatatu, kamanda hadi leo anasema ni nguvu ya umma. Langu likaenda kwenye turubai, miti, sufuria, maharage kilo nne, na zile kurasa mbili. Mama akahesabu, akafuta madeni, akafunga daftari.

"Haya mchungaji, unakula nini leo?"

"Wali maharage mama. Uniandike."