Mafua yakiingia ndani: tumtenge anayekohoa au?

Msimu wa mafua ukifika ubishi ni uleule. Kuna wanaosema mtoto akianza kukohoa alale peke yake, awe na kikombe chake, asimsogelee mdogo wake. Wengine wanasema acheni kusumbuana, nyumba moja hewa moja, kila mtu atayapata tu. Mimi naona wote wanahangaika na mgonjwa wakati anayetakiwa kuangaliwa kwanza ni kichanga.

Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome walifuatilia hili kwa karibu sana. Kuanzia Desemba 2009 mpaka katikati ya 2010 walichukua kaya 47 zenye vichanga, karibu watu 500, wote wanachukuliwa sampuli puani mara mbili kwa wiki, awe mgonjwa awe mzima, wanatafuta RSV, yaani kile kirusi ambacho kwa mtu mzima ni mafua tu ya kawaida lakini kwa mtoto wa miezi miwili mitatu kinashuka mpaka kwenye mapafu anaishia kulazwa na oksijeni. Ikaonekana anayekileta nyumbani mara nyingi ni kaka, dada au binamu anayesoma shule. Na karibu maambukizi 4 kati ya 10 hayakuwa na dalili yoyote!

Kwa hiyo ukisubiri kikohozi ndio uanze kutenga, umechelewa. Hapo wa upande wa pili wana hoja nzito. Ila wasishangilie sana, maana haohao wa Kilifi waliona wenye dalili wanatoa virusi vingi zaidi na kwa siku nyingi zaidi, kwa hiyo kumweka mbali anayekohoa kunapunguza kitu, sio bure kabisa.

Shida yangu na kutenga ni nani anaweza. Vyumba viwili, watu saba, watoto watatu chandarua kimoja, na huyo dada mtu ndiye anayembeba mtoto mama akiwa shamba. Ukimtoa yeye kazi anafanya nani?

Kuna jaribio la Marekani la 1981, la Dk. Caroline Hall na wenzake, watu wazima walikaa na vichanga wenye RSV. Waliowabeba na kuwahudumia, 5 kati ya 7 waliambukizwa, walioshika tu vitu vilivyochafuliwa 4 kati ya 10, na waliokaa mbali kama mita 2 bila kugusa chochote, 14 wote, hakuna hata mmoja. Kwa RSV basi, mikono ni mlango mkubwa kweli. Dada akitoka shule anawe kwa sabuni ndio ambebe mtoto, na asimbusu usoni, hilo linawezekana hata kwenye chumba kimoja. Karachi, Pakistan, kaya zilizopewa sabuni na kufundishwa kunawa, nimonia kwa watoto chini ya miaka 5 ilishuka kwa nusu, matokeo yalitoka 2005. Korona na influenza zenyewe zinakaa sana hewani, sabuni peke yake haitoshi, kwa hiyo madirisha yafunguliwe, hii tabia ya kuziba kila upenyo eti mtoto asipigwe na baridi inawafungia wote na hewa ya mgonjwa.

Halafu kuna chanjo ya RSV ya mama mjamzito, kinga inapita kwa mtoto kabla hajazaliwa, na WHO mwaka 2025 ilipendekeza nchi zote ziwe nayo au ile sindano ya kingamwili ya mtoto, yaani anachomwa kinga iliyo tayari. Kwa nyumba ambazo kutengana hakuwezekani, hili ndilo ningetaka tulidai kwa nguvu kliniki za wajawazito, kuliko kuendelea kumlaumu mama kwamba hakumtenga mtoto.