Magendo ya Uzi

Mwaka jana nilituhumiwa kufanya magendo ya uzi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na aliyenituhumu alikuwa na ushahidi wa namba.

Mambo yalianza vizuri tu. Nilikuwa na nyuzi za kufumia za kujaza viroba vinne: sufu, akriliki, pamba, na zile ambazo lebo zake zilishapotea, hujui ni za nini, unazishika tu na kusema "hii laini". Mfumaji yeyote atanielewa. Uzi haununuliwi kwa sababu unahitajika. Unanunuliwa kwa sababu upo, sababu itatafutwa nyumbani. Mume wangu hakulielewa hilo, hasa siku aliyofungua kabati akitafuta mwavuli na kiroba cha nyuzi nyekundu kikamshukia kifuani. Tukapatana: mwaka mzima sinunui hata donge moja, nafuma kilichopo mpaka kipungue, na yeye atakuwa mkaguzi.

Cheo kilimkolea. Jambo la kwanza akanunua daftari. (Mimi nimekatazwa kununua, mwenzangu anaanza kazi kwa kununua. Nikanyamaza.)

Kiroba ukikiweka juu ya mzani wetu kinafunika kile kioo cha namba, husomi kitu. Kwa hiyo mkaguzi akabuni njia yake: yeye anapanda mzani akiwa amekumbatia kiroba, mimi nainama nasoma, halafu tunatoa uzito wake. Uzito wake alijipima asubuhi ile ile, akauandika ukurasa wa kwanza na kuupigia mistari miwili: kilo 78. Viroba vilikuwa vimegawanywa kwa rangi, vikapimwa kimoja kimoja. Jumla, kilo 28.

Nikaanza na soksi, na soksi zikanivunja moyo mapema. Jozi moja ya mtu mzima inakula gramu 100 hivi, karibu mita 400 za uzi mwembamba. Maana yake ukitaka kupunguza kilo moja unahitaji miguu ishirini, na nyumbani kwetu haipo. Mashine ya kufuma soksi ipo tangu 1589, William Lee wa Uingereza alipoibuni, kwa hiyo anayefuma soksi kwa mkono leo hana wa kumlaumu. Nikahamia kwenye vitu vikubwa. Nilishika nyuzi mbili kwa pamoja na sindano nene za milimita 8, blanketi likawa linashuka magotini huku nalitazama. Viroba vikaanza kulegea. Nilikuwa naviona kwa macho yangu vikilegea!

Katikati ya hayo nikamfumia mkaguzi sweta la mistari kwa zile nyuzi zisizo na lebo, mstari wa kahawia, mstari wa kijivu, hivyo hivyo hadi shingoni. Nilifuata taratibu zote. Nilifuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, nikahesabu vitanzi, nikampima tumbo: sentimita 94. Akasema anataka linalombana kidogo, lionyeshe kifua. Nikalifuma sentimita 92, nikaandika vipimo vyote kwenye daftari lake. Lilimkaa. Alipita mbele ya kioo zaidi ya mahitaji.

Mwaka ulipofika nusu, tukapima tena. Kiroba cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Akajumlisha, akajumlisha upya, akavua miwani.

"Mke wangu," alisema kwa ile sauti ya kumpa mtu nafasi ya kuungama. "Kilo thelathini na tano."

"Haiwezekani. Nimemaliza blanketi zima!"

"Namba hazina undugu."

Nikajitetea kwa sayansi. Nikamweleza kwamba sufu hunyonya unyevu wa hewani, inaweza kubeba hadi karibu theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza ni mvua gani hiyo inayonyesha ndani ya kabati.

Kuanzia hapo niliishi kama mtu aliye nje kwa dhamana. Mkoba wangu ulikuwa unapishana naye mlangoni "kwa bahati". Dada yangu alikuja kututembelea na mfuko mkubwa, hata kukaa hajakaa:

"Karibu sana shemeji. Humo mna nini?"

"Nguo za mtoto, shemeji."

"Naomba niuminye kidogo."

Akauminya. Dada yangu alinitazama, mimi nikatazama dari. Kibaya zaidi, nilianza kujishuku mwenyewe. Nilikuwa naamka usiku nawaza, labda nanunua nikiwa usingizini.

Ndipo likaja suala la kufua. Siku moja mkaguzi aliamua kunisaidia kazi, akalitupia lile sweta kwenye mashine ya kufulia pamoja na mataulo, maji ya moto, mzunguko wa nguo chafu kabisa. Kumbe mistari ya kijivu ilikuwa sufu. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo. Ukiupa maji ya moto, sabuni na kusukwasukwa, magamba yananasana, na yakishanasana hayarudi. Mistari ya kahawia ilikuwa akriliki, haina magamba, haikujali. Sweta lilitoka na mistari ya kijivu iliyojikunyata, minene na migumu, huoni hata kitanzi kimoja, na katikati yake mistari ya kahawia imefura. Alipolivaa, binti yetu alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Baba, umekuwa funza."

Mtu mwingine angelivua. Yeye akasema tatizo ni uzi wangu, sweta zima limerudi, na atalivaa hivyo hivyo ili kila mtu aone.

Desemba ikafika, ukaguzi wa mwisho. Nilikuwa na uhakika. Kiroba cha nyuzi za bluu binti yetu alikileta kwa mkono mmoja huku mkono wa pili anapiga mswaki. Baba yake akakikumbatia, akapanda, nikasoma, akatoa 78, akaandika: kilo 11. Binti akasimamisha mswaki mdomoni, akakitazama kiroba, akautazama mkono wake.

Jumla, kilo 43.

"Hati chafu," mkaguzi alitangaza. Kwa kuwa kulikuwa na baridi, akachukua sweta lake akalivaa, akaketi kuandika hoja za ukaguzi. Mimi nimekaa mkabala naye, sina la kusema, macho yamegota tumboni kwake kwa sababu ndiko yalikoangukia. Pale kwenye mstari wa kahawia vitanzi vilikuwa vimeachama. Sio kidogo; shati jeupe lilikuwa linachungulia katika kila tundu, safu nzima, kutoka ubavu hadi ubavu. Mistari ya kijivu kubana, sawa, ilipikwa. Lakini akriliki nayo imebana kwa sababu gani?

"Hebu livue," nikamwambia.

"La nini?"

"Ushahidi."

Kwanza nikakata ncha ya uzi wa kahawia uliobaki upande wa ndani, nikaiwasha kiberiti juu ya sinki. Sufu ingenuka nywele zilizoungua na kuacha majivu ya kusagika kwa vidole. Hii iliyeyuka, ikawa kitone cheusi kigumu. Akriliki, haina ubishi. Kisha nikaulaza mstari wa kahawia mezani, nikaunyoosha, nikapima: sentimita 46 upande mmoja, 46 wa pili. Tisini na mbili, vile vile kama daftari linavyosema. Sweta, kwenye mistari hiyo, halikurudi hata nukta.

Nikamzungushia tepu yeye. Sentimita 102.

Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako; mimi wangu alikuwa ndani ya sweta nililolifuma mwenyewe. Mtu unayemwona kila siku humwoni.

"Panda mzani," nikasema. "Bila kiroba."

Alikohoa. Akauliza kama ni lazima leo. Akavua saa, akavua mkanda, akatoa funguo mfukoni, akapanda taratibu huku amebana pumzi. Nikainama kusoma. Kilo 84.

"Mzani huu mbovu," alisema papo hapo.

Binti alikuwa ameshaanza hesabu kwa sauti. "Kilo sita zimeongezeka, na kila kiroba umezipima upya. Sita mara nne, ishirini na nne. Arobaini na tatu, toa ishirini na—"

"Nenda kalale," baba yake akamwambia.

Kilo 19. Nilikuwa nimefuma kilo tisa nzima, kwa mikono hii, na kila kilo niliyoitoa kabatini mwenzangu alikuwa anairudisha kwa kitambi, tena na faida juu. Nilimwomba aufute ule ukurasa wa hati chafu. Alisema kumbukumbu za ukaguzi hazifutwi, ila anaweza kuweka maelezo ya ziada pembeni. Akayaweka, kwa herufi ndogo sana.

Baada ya hapo akakaa kimya muda mrefu, akilipapasa sweta lake. Hatimaye akauliza kama naweza kumfumia jingine, lililo pana kidogo, kwa rangi zile zile. Nikamfungulia viroba ajionee. Yamebaki mapinki, zambarau, na ile njano inayoumiza macho. Kahawia na kijivu, rangi ambazo yeye hukubali kuonekana nazo mbele za watu, zilikwisha kitambo, na mwaka bado haujaisha. Kanuni ni kanuni.

Mkaguzi akavaa miwani, akafungua ukurasa mpya, akaandika: "Ununuzi wa dharura umeidhinishwa. Uzi wa kahawia na kijivu, gramu 600." Akaweka sahihi.

Nikamwomba aongeze sifuri moja.