Tohara, Maandiko na Swali la Nani Afasiri

Wanaobishana juu ya kufasiri maandiko, yawe ya dini au ya fasihi, hugawanyika pande mbili kubwa. Wapo wanaoshikilia kwamba maana ya andiko ni ile aliyoikusudia mwenye andiko, na kwamba kazi ya msomaji ni kuitafuta kwa msaada wa lugha, historia na wanazuoni waliotangulia. Wengine hujibu kwamba hakuna asomaye akiwa mtupu, kwa kuwa kila mmoja huja na maswali ya zama zake, na andiko humjibu kwa kadiri anavyouliza. Mjerumani Hans-Georg Gadamer aliitetea hoja hii ya pili mwaka 1960, Mmarekani E. D. Hirsch akampinga mwaka 1967, akisema kwamba tukiiacha nia ya mwandishi hatubaki na kipimo cha kukataa ufasiri wowote.

Mjadala huo hufundishwa vyuoni kana kwamba ni wa Ulaya peke yake, ilhali Uganda ilikwisha kuupitia kwa vitendo, tena mara mbili juu ya jambo lilelile: tohara.

Kabaka Mutesa wa Kwanza aliupokea Uislamu kutoka kwa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kujifanya mwalimu wa dini katika baraza lake. Hata hivyo hakutahiriwa, kwa sababu mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Waislamu waliokuja kutoka upande wa Misri na Sudani wakawaambia vijana wa ikulu kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuwa imamu wala nyama aliyochinja hailiki. Vijana wakaukataa uimamu wake na nyama yake, na mwaka 1876 wengi wao wakauawa Namugongo. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Qurani yenyewe haiitaji tohara ya mwili. Hukumu yake imetoka katika Hadithi na fiqhi, na wanazuoni walio wengi hawakuiharamisha nyama iliyochinjwa na Mwislamu asiyetahiriwa. Kwa hiyo vijana wale walishika msimamo mkali kuliko mapokeo yaliyodaiwa kuusimamisha. Kabaka kwa upande wake alijibu kwa moto, na hilo haliwezi kuitwa ufasiri.

Kisa cha Semei Kakungulu ni kigumu zaidi kukihukumu. Jemadari huyu wa Buganda aliwatekea Waingereza nchi za mashariki, kisha akanyimwa cheo alichokitarajia, akahamia karibu na Mbale. Biblia nzima ilikuwa imechapishwa kwa Kiganda mwaka 1896, na Kakungulu aliisoma mwenyewe. Alijiunga kwanza na kundi la Malaki Musajjakawa, lililokataa dawa za hospitali kwa hoja za Maandiko. Alipofika Mwanzo 17 akaona tohara ikiitwa agano la milele, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi, aliliacha kundi hilo, akaanzisha jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Wakosoaji husema kwamba ilikuwa hasira ya kisiasa iliyovaa joho la dini. Huenda ni kweli, lakini hapo ndipo ninapoona maswali mawili yakichanganywa. Uchungu wa mtu waweza kueleza kwa nini aliona aya ambayo wengine waliipita. Hauwezi kuthibitisha kwamba aliisoma vibaya. Gadamer anatusaidia kuelewa jinsi usomaji unavyozaliwa, Hirsch anatudai kuonyesha kama unasimama. Kwa kipimo cha Hirsch, Kakungulu aliisoma Mwanzo 17 sawasawa. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine, kwani Paulo katika Wagalatia 5 anasema kinyume, na hakuna aya inayoamua peke yake kati ya hizo mbili ipi iitawale nyenzake. Anayedai kusoma Maandiko “kama yalivyo” amekwisha kuchagua.

Katika fasihi kosa hilo la kudhani kwamba andiko lasomwa lilivyo ni jepesi kulibaini. Lawino, mke anayesema katika utenzi wa Mganda Okot p'Bitek, Song of Lawino, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, alichukuliwa na wengi kuwa sauti ya mwandishi mwenyewe, ingawa Okot alisoma Oxford na kwa elimu alikuwa karibu zaidi na Ocol, mume anayelaumiwa. Mwaka 1970, katika Song of Ocol, akampa Ocol naye nafasi ya kujibu. Mhubiri hana desturi ya kumpa mpinzani wake kurasa.

Naegemea upande wa mapokeo, kwa sharti kwamba yakubali kuulizwa. Kakungulu mwenyewe aliyahitaji: ni Myahudi msafiri aliyejulikana kama Yosef, aliyefika mwaka 1920, aliyeifundisha jamii ile kalenda ya sikukuu na sheria za chakula, mambo ambayo kitabu pekee hakikuwatosha kuyatenda. Lakini mapokeo ya nani? Mwaka 2002 marabi wa tawi la Kiyahudi liitwalo Conservative waliwaingiza rasmi mamia ya Abayudaya katika dini ya Kiyahudi, na baadhi ya watu wa Putti, kijiji kimoja cha jamii hiyo, wakakataa, wakitaka mahakama ya Kiorthodoksi.