Avenue Rapp, 1871: hujuma au baruti yenyewe?

Jioni ya Mei 17, 1871, kiwanda cha kujaza risasi cha Avenue Rapp, jirani na uwanja wa Champ-de-Mars mjini Paris, kililipuka. Mlipuko huo ulichorwa na kuchapwa, kama yalivyochorwa mengi ya miezi ile. Picha za namna hiyo zina upungufu mmoja: zinaonyesha moto, hazimwonyeshi aliyeuwasha, wala hazisemi kama yupo.

Komuni ya Paris, serikali ya waasi iliyoushika mji na iliyokuwa imezingirwa na jeshi la serikali ya Ufaransa iliyohamia Versailles, haikungoja uchunguzi. Kamati yake ya Usalama wa Umma ilitangaza kuwa mawakala wa Versailles ndio waliotia moto, kuwa waathiriwa wanakadiriwa kuzidi 100, wakiwemo wanawake na mtoto wa kunyonya, na kuwa wanne kati ya wahalifu wamekwisha kukamatwa.

Uzushi mtupu? Nisingesema hivyo. Watu wa Versailles walikuwa kweli wakitafuta wasaliti ndani ya mji kwa fedha. Veysset, wakala wao aliyejaribu kumnunua Jenerali Dombrowski wa jeshi la Komuni, alipigwa risasi na Komuni wiki moja baadaye. Na kiwanda cha risasi ni windo ambalo adui yeyote angelitamani. Aliyezingirwa akisikia kishindo upande wa ghala lake, atamshuku nani kwanza?

Ila kutamani si kutenda. Tangazo lilitaja wanne waliokamatwa. Halikutaja walichokutwa nacho.

Kwangu mimi mizani inaelemea upande wa ajali, na sababu iko ng'ambo ya bahari. Miaka michache nyuma, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, viwanda vya aina hii vililipuka pasipo adui kukaribia. Septemba 17, 1862, katika ghala la silaha la Allegheny, Pittsburgh, walikufa watu 78, wengi wao wasichana. Kilichoshukiwa zaidi ni baruti iliyovuja kwenye mapipa, ikamwagika kwenye barabara ya mawe, kisha cheche ya gurudumu au kwato yenye chuma. Richmond, Machi 1863, mfanyakazi mmoja aligonga ubao ili kunasua fataki iliyokwama. Washington, Juni 1864, vidonge vya fataki vilianikwa juani vikauke, vikawaka vyenyewe. Wanawake 21 wakateketea. (Ajabu ni kwamba huko Allegheny wasichana waliajiriwa kwa sababu wavulana walionekana wazembe na viberiti.)

Baruti nyingi, mikono mingi, haraka ya vita: Avenue Rapp ilikuwa na vyote. Haikuhitaji mpelelezi.

Hata hivyo lawama ilikuwa na kazi yake. Siku hiyohiyo baraza la Komuni lilikuwa likijadili kuwaua mateka, na Mei 24 mmoja wao, Askofu Mkuu wa Paris Georges Darboy, akapigwa risasi. Sisemi mlipuko ndio uliomuua. Wafungwa wa upande wa Komuni waliouawa na Versailles walikuwa hoja nzito zaidi. Lakini hasira ilipata kuni nyingine.

Mei 21 jeshi la Versailles likaingia Paris. Waliokuwa na haja ya kujua chanzo wakawa wanakimbia au wanauawa, na walioshinda hawakuwa na wa kumjibu.